Kiboko wa Upande wa Mawe

Wifi yangu hakuwa mtu wa kusalimia watu kabla hajasalimia bwawa. Asubuhi alipita mbele ya kibanda changu cha tiketi, darubini ikining'inia shingoni, akanipungia mkono bila kugeuka, kisha akapotelea kwenye kijia cha kwenda kutazama wanyama. Mimi ni mke wa kaka yake. Tumefanya kazi hifadhi moja tangu nilipoolewa, yeye kwenye wanyama, mimi kwenye tiketi, na kama kuna mtu anayemjua kwa mazuri na mabaya yake, ni mimi. Mabaya yake ni kwamba ni mbishi, na haombi msaada hata nyumba ikiwaka moto.

Hifadhi yetu ni ndogo. Upande mmoja uzio, upande mwingine mto, katikati bwawa. Mvua zikinyesha hakuna anayetukumbuka. Kiangazi ndipo tunapochangamka, maana mto unakauka, wanyama wanahamia bwawani, na watu wa mjini nao wanakuja na kofia zao na maswali yao. Wanauliza kama simba yupo. Simba hayupo. Nimelijibu swali hilo mpaka mdomo umeota sugu.

Kazi yote inategemea ubao. Ni ubao mpana uliosimama karibu na lango, umechorwa ramani ya hifadhi na kupigiliwa misumari kila pembe. Chini yake kuna sanduku la wanyama wadogo wa mbao, kila mmoja na kitanzi chake cha waya: pongo, kenge, fisi maji, korongo, kiboko. Wifi akirudi kutoka bwawani anamtundika kila mnyama pale alipomwona, basi. Hakuna kinachoandikwa. Mwongozaji anautazama ubao, anachagua njia, anaondoka na wageni. Njia za kuzunguka bwawa ni mbili, ya mawe na ya matete, na sheria ni moja: kiboko akitundikwa upande huu, watu wanapita upande ule.

Wifi alianza hapo kwa kufyeka majani. Mtazamaji wa zamani alipostaafu, akaomba nafasi yake, na wanaume wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kicheko kiliisha wiki ile ile, alipomwonyesha mkuu wa hifadhi chatu aliyejikunja juu ya mti ambao wao walikuwa wakikaa chini yake kula mchana. Mume wake alikuwa ameshaondoka, akisema anakwenda kutafuta kazi, na nadhani hadi leo bado anaitafuta. Wifi akabaki na binti yake mmoja katika nyumba ya hifadhi yenye chumba na sebule. Yule mtoto alijifunza kutembea akishikilia waya za uzio, na alama za mikono ambazo watazamaji wanatumia wakiwa karibu na mnyama alizijua kabla hajajua kusoma. Jioni mama na mwana walikuwa wakizungumza kwa mikono wakiwa mezani, mimi nimekaa hapo kama zuzu. Alama pekee ninayoijua mimi ni ya kudai chenji.

Kiangazi hiki binti aliajiriwa kuwa mwongozaji. Asubuhi yake ya kwanza wifi alisimama naye langoni, akamshika kola ya sare, akaipapasa kwa vidole pande zote mbili, akashuka na vifungo hadi cha mwisho.

"Umependeza, mwanangu," akasema.

Ikawa ndiyo desturi. Kila siku kola, kila siku vifungo, kila siku umependeza. Niliwatania. Nilimwambia wifi kwamba binti yake ana umri wa kuolewa na yeye bado anamvalisha kama anampeleka chekechea. Alicheka, lakini hakuacha.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo niliyaona na kuyachekea. Siku moja aliingia kibandani kwangu nikiwa nimeinama nyuma ya meza natafuta kalamu, akaliangalia koti langu la mvua lililotundikwa mlangoni na kuliuliza, "Leo umenuna nini?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka sana. Alisema jua la nje lilimpiga machoni, na mimi nikaamini, kwa nini nisiamini? Mtu aliyemwona chatu mtini.

Habari kubwa ya msimu ilikuwa kiboko jike aliyezaa. Alikuja peke yake kutoka mtoni, na baada ya muda watu wakasema wameona kichwa kidogo kando ya kikubwa. Wageni wakaongezeka. Mkuu wa hifadhi, mwanamume mpole anayeogopa magazeti kuliko wanyama, alituita wote akatuonya: mwenye mtoto hana mzaha, ubao uheshimiwe. Akamtazama wifi akasema, "Macho yetu ni wewe." Wifi akaitikia kwa kichwa.

Siku ninayoisimulia, jua lilikuwa limeanza kuuma mapema. Wageni wa kwanza walikuwa kikundi cha wazee wastaafu, mabibi na mabwana, wapenzi wa ndege, wenye kofia pana, viatu vizuri na magoti mabaya. Mmoja alikuwa na fimbo. Mwingine, mzee mrefu, alikuwa na darubini kubwa kuliko ya wifi na alitaka kila mtu ajue. Binti alikuwa amewapanga kivulini, anawaeleza, wakati mama yake alipotoka bwawani na kuliendea sanduku la wanyama.

Alimchukua kiboko, akamtundika upande wa mawe.

"Yuko mawe na mwanawe," akasema. "Nyinyi piteni matete."

"Umemwona mtoto leo, mama?"

"Nimemwona. Njoo hapa."

Kola, vifungo, umependeza. Binti akazima simu yake, kwa sababu ndivyo tunavyofanya kwa wageni wa ndege. Mlio mmoja wa simu na mdiria wote wameruka. Wakaondoka polepole, fimbo ikigonga changarawe, wakaingia njia ya matete.

Wifi akaendelea kutundika. Nilikuwa kwenye dirisha la kibanda, sina la kufanya, namtazama. Alimtoa korongo, na korongo akamponyoka, akaangukia karibu na kidole cha mguu wake. Jua lilikuwa kali, ardhi nyeupe, na yule korongo tumempaka rangi nyekundu. Wifi akachutama na kuanza kupapasa. Alipapasa kulia, akapapasa kushoto, akaenda mbele, kiganja kikisugua mchanga. Nikatoka kibandani.

"Wifi, si huyo hapo?"

"Wapi?"

Nilimwokota nikamweka mkononi mwake. Alisema ahsante bila kuninyanyulia uso, na akaanza kuutafuta msumari kwa ncha ya kidole, mmoja baada ya mwingine, akihesabu kimya kimya. Nikakumbuka. Kola. Koti la mvua. Nilitaka kusema neno na sikujua nianzie wapi.

Hapo ndipo alipofika fundi wa uzio, shati limelowa jasho, akaomba maji.

"Leo Mungu kanipenda," alisema baada ya kunywa. "Nilikuwa juu ya tuta nafunga waya. Naangalia chini, yule mama na ndama wake wamelala. Nikashuka kama mwizi, hata koleo nimeiacha huko."

"Chini wapi?" nikauliza.

"Kwenye matete."

"Matete yapi?"

"Kwani tuna mangapi, mama tiketi?"

Nilimgeukia wifi. Alikuwa ameganda, kidole bado kiko kwenye msumari.

"Wifi, umemwona kiboko leo?"

Akashusha kidole.

"Nakuuliza. Umemwona?"

"Nimemsikia," akasema. "Ameguna upande wa mawe. Kila asubuhi anaguna upande wa mawe."

"Huoni."

"Jicho moja limezima. La pili naona ukungu."

Nilikasirika, sikatai. Nilikasirika kiasi kwamba kama si hofu ningemzaba kofi, mimi niliyemkuta katika ukoo ule na ninayemheshimu. Lakini mtoto alikuwa njiani na wazee wake, na simu yake imezimwa. Nikakimbilia kengele ya lango. Kamba nilikuwa nimeshaishika.

"Usiipige!" Hiyo ilikuwa sauti ya wifi, na sijawahi kuisikia vile. Kisha akashusha pumzi. "Akishtuka atakimbilia maji. Njia inapita kati yake na maji. Watakuwa wamesimama hapo hapo."

Fundi alitaka kwenda. Alikuwa amevaa mabuti mazito ya kazi na bado anahema. Wifi akamkataza, akamtuma kwa mkuu wa hifadhi na kumwambia azuie wageni wengine langoni. Kisha akavua viatu vyake. Akaniambia na mimi nivue vyangu.

"Mimi? Mimi nauza tiketi."

"Wewe una macho," akasema. "Twende."

Akaweka mkono juu ya bega langu na tukaingia njia ya matete, miguu mitupu juu ya udongo wa moto. Mimi ni mwoga. Panya akipita jikoni mimi ndiye ninayepanda kiti. Lakini ule mkono begani haukunisukuma wala haukunivuta, ulitulia tu, na kila nilipotaka kukimbia vidole vilinibana kidogo. Alinong'ona sikioni mwangu: niangalie ardhi kwanza, nitafute matope yaliyotoka kuvurugwa. Niangalie matete yaliyolala. Nisitazame juu, kiboko harukaruki mitini.

"Kuna matope," nikamwambia. "Nyayo kubwa. Na ndogo pembeni."

"Zinaelekea wapi?"

"Kushoto. Zinaingia matete."

Aliguna kwa ndani, kama mtu aliyechomwa na mwiba na hataki kusema.

Ndipo kiboko alipokoroma. Sauti ilitoka kushoto kwetu, nzito, ya chini, karibu mno. Na mara hiyo hiyo ikajibiwa kutoka ng'ambo, kule kwenye mawe, kubwa kuliko yenyewe. Mkono wa wifi ukalibana bega langu.

"Mwangwi," akasema. "Maji yameshuka, mawe yako wazi. Kule ninakokaa, tuta linaizuia sauti yenyewe, nasikia mwangwi tu." Akageuza uso kuelekea mawe. "Wiki nzima nimekuwa namtundika mwangwi."

Njia ilikata kona na nikawaona. Walikuwa wamesimama ukingoni mwa maji, wote wamewapa matete migongo, darubini zimeelekea mti mkavu katikati ya bwawa ambako mdiria alikuwa amekaa na samaki mdomoni. Binti alikuwa pembeni yao, ananyoosha kidole. Mkoromo bila shaka waliusikia ukitoka mawe, kama walivyoambiwa. Nyuma yao, upande wa pili wa njia, ndani ya matete, kulikuwa na jiwe kubwa la kijivu. Nilipolitazama vizuri, jiwe lilikuwa na sikio, na sikio likatikisika.

Nilimnong'oneza wifi yote. Aliniuliza jiwe liko mbali gani na mtoto wake, nikamwambia kama kutoka jikoni kwake hadi kitandani kwake.

"Nitampa ishara. Lakini sioni kama anatazama. Wewe utaniambia. Usiniambie mapema, mkono ukipungapunga hovyo mnyama ndiye atakayeuona."

Alisimama katikati ya njia, akaacha bega langu, akanyoosha mgongo. Alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, mahali pasipo na mtu.

"Bado," nikamwambia. "Anawaonyesha ndege."

Tukangoja. Mdiria akampiga samaki wake kwenye mti. Bibi mmoja akacheka kidogo, na sikio la jiwe likageuka.

"Bado. Anaongea na mwenye fimbo."

Jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Mwongozaji mzuri hutupa jicho njiani kila mara, na mama yake alikuwa amemfundisha hivyo tangu utotoni. Nilimwomba Mungu binti asiwe amesahau leo.

Akageuza kichwa. Alituona. Uso wake ulianza kutabasamu.

"Sasa."

Mikono ya wifi ikapanda. Viganja viwili vikasukuma hewa kwenda chini, taratibu. Kisha kiganja kimoja kikaelekezwa kwenye matete, na kingine kikaita, vidole vikikunjwa kimoja kimoja. Sikuelewa hata moja, lakini tabasamu la binti lilizimika. Hakugeuka kutazama nyuma yake. Alimgusa bibi wa kwanza kwenye kiwiko, akamnong'oneza, bibi akaanza kuja kwetu. Akamgusa wa pili, kisha yule wa fimbo, na akaishika ile fimbo mwenyewe isigonge chini. Walikuja mmoja mmoja, macho yamewatoka, na kila aliyetupita nilimwonyesha aendelee.

Alibaki mzee mrefu. Jicho lake lilikuwa limezama kwenye darubini, hana habari na dunia. Alitaka kumwona ndege vizuri zaidi, na akapiga hatua nyuma. Akapiga nyingine. Kisigino chake kikavunja tete.

Ndama ndiye aliyetoka kwanza. Alichomoza kwenye matete, mweusi, mnene, kama mkungu wa ndizi uliopata miguu, akakatiza njia kuelekea maji. Na jiwe likasimama.

Sijui nieleze vipi ukubwa wake. Matete yalifunguka na kinywa kikafunguka. Nilimwona binti akimshika mzee mkono wa shati na kumvuta kwa nguvu zake zote, kisha sikumwona tena, kwa maana kiboko alipita kati yetu na wao, na njia yote ikawa vumbi, matope na maji yanayoruka.

"Mwanangu yuko wapi?" wifi akauliza.

Nilikuwa namtafuta ndani ya vumbi.

"Niambie. Mwanangu yuko wapi?" Alikuwa amenishika mikono yote miwili, ananitikisa, macho yake yako wazi usoni mwangu na hayanioni. "Nimekuomba nini zaidi ya macho? Niambie yuko wapi!"

Vumbi likatua. Ng'ambo ya mtaro wa matope aliouacha kiboko, binti alikuwa amekaa chini, mzee mrefu amelala nusu juu yake, kofia hana, darubini hana. Binti akainua mkono wake mmoja, akatikisa vidole.

"Yupo," nikasema. "Anapunga. Yupo, wifi."

Akakaa pale pale njiani.

Tulipofika langoni mkuu wa hifadhi alikuwa amekwishafika mbio na fundi. Wazee walikuwa wameketi kivulini, wanatetemeka na kuongea wote kwa pamoja. Bibi mmoja alimshika wifi mkono akamwambia mkuu kwamba mama huyu amewaokoa, kwamba amemwona mnyama kutoka mbali, mahali ambapo wao wenye darubini hawakuona kitu.

"Macho ya mama huyu," mkuu akasema, akijipangusa paji la uso. "Si niliwaambia? Basi mnyama alihama. Asubuhi mawe, saa hizi matete. Wanyama ndivyo walivyo."

Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa pale, pana kabisa. Nilimtazama wifi, na nitasema ukweli, nilitaka apite. Nyumba ile ni ya kazi. Kazi ile ndiyo yeye. Nilikuwa hata nimefungua mdomo kusema ndiyo, wanyama wanahama.

Wifi alivua darubini shingoni. Kamba ilinasa kwenye hereni, akahangaika nayo kidogo.

"Hakuhama," akasema. "Sikumwona asubuhi. Nilimsikia tu, na nikasikia vibaya. Macho yangu yamekufa tangu kabla ya kiangazi. Daktari aliniambia yaliyopotea hayarudi, na mimi nikanyamaza."

Mkuu alishika darubini aliyopewa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Yule mzee mrefu, ambaye alikuwa akilalamikia darubini yake tangu tutoke matopeni, akageuka kumtazama wifi.

Binti alikuwa amesimama karibu na ubao, matope yamemkauka hadi kwenye nywele. Nilitegemea angelia au angefoka. Alikuwa na haki ya vyote viwili. Mama yake alikuwa amempeleka kwa mkono wake mwenyewe kwenye kinywa kile. Binti akamgeukia mama yake.

"Tangu kabla ya kiangazi," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nimeanza kazi kiangazi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Kwa hiyo hujawahi kuniona nimevaa sare."

Wifi alinyoosha mkono hewani, akimtafuta. Binti hakusogea mara moja. Kisha akapiga hatua, na vidole vikaipata kola, iliyolowa na kuchanika upande mmoja, vikaipapasa hadi pale ilipochanika na vikasimama hapo.

"Mimi ndiye ninayeipiga pasi," wifi akasema. "Kila mshono naujua."

Nilirudi kibandani kwangu na kufunga dirisha. Kiboko wa mbao alikuwa bado ametundikwa upande wa mawe, na nje wageni walikuwa wanagonga kioo wakitaka kujua kama simba yupo.